Watu wa Jina Moja

Fundi viatu alijivunia jina la ukoo wake kuliko kazi ya mikono yake. Halikuwa jina la kuokota. Katika mji mzima lilikuwa la nyumba yake tu, na kila mteja aliyekaa akingoja soli alisimuliwa jinsi mababu wa fundi walivyokuwa watawala. Mpaka binti yake alipoleta mchumba kutoka mji wa pili, mwenye jina hilohilo.

"Jina moja, damu moja," akasema dada mkubwa wa fundi, shangazi wa binti, ambaye neno lake halikatwi hata kwa msumeno. "Ndoa haipo."

Binti alilia siku tatu, ya nne akaacha kula. Fundi akafunga kibanda. Yeye na baba wa kijana, kinyozi mnene mwenye maneno mengi, wakaenda masijala kutafuta nyumba zao zilipokutania.

Mama wa masijala aliwapangia madaftari mezani. Wakafunua asubuhi nzima, wakipiga chafya kwa zamu.

"Sisi tulikuwa watawala," fundi akasema.

"Hata sisi. Sasa wote tukitawala, aliyetawaliwa nani?"

"Soma, bwana! Hukuja kunyoa mtu hapa."

Kwenye vitabu vya vizazi jina lilirudi nyuma mpaka kwa babu wa fundi na babu wa kinyozi, likakatika. Mama akauliza mababu hao walifanya kazi wapi. Wote wawili, kiwanda cha mbao. Akaingia ndani, akatoka na daftari la wafanyakazi lililoliwa na mchwa.

Jina lilikuwamo. Mara thelathini na nane, ukurasa mmoja.

"Mungu wangu!" kinyozi akashika kichwa. "Tumezaana kama panya!"

"Hamkuzaana," mama akasema. "Karani hakuwa na subira ya kumuuliza kila kibarua baba yake nani. Genge zima aliliandika kwa jina la mnyapara wao. Ona, huyu katoka milimani, huyu pwani, hawajuani kabisa. Baadaye vyeti vikafuata daftari."

"Na huyo mnyapara ndiye mtawala?" kinyozi akauliza.

Mama akasoma wino mwekundu pembeni: "Ameachishwa kazi. Amekutwa amelala, mara ya tisa."

Kinyozi alicheka mpaka akashikilia meza. Fundi hakucheka. Miaka thelathini ya majigambo ilikuwa imelala chali mbele yake.

"Niwaandikie barua?" mama akauliza. "Lakini sababu lazima niitaje."

"Tunaweza kusema kitabu kimeliwa chote," kinyozi akanong'ona. "Heshima ibaki."

"Na mtoto wangu aendelee kushinda njaa?" Fundi akavuta pumzi. "Andika, mama. Mnyapara, usingizi, vyote. Na muhuri ugonge uonekane."

Jioni shangazi aliisoma barua mara mbili, kisha akamtazama mdogo wake kutoka juu hadi chini.

"Sasa nimejua uvivu wako wa kuamka umeurithi kwa nani."

"Dada, barua inasema huyo si damu yetu. Wala sisi si damu ya kinyozi."

Shangazi akaikunja barua, akaikunjua. Hakuwa amezoea kushindwa, hata hakujua mikono aiweke wapi.

"Basi waoane," akasema. "Mwiteni huyo mtoto aje kula."