Maji Yaliyopewa Jembe

Alasiri ile Hayat alikuwa uani, anageuza bagia karaini, mikono imemjaa unga wa kunde, mlango wa nyuma ukabishwa hodi. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelelewa akaleleka. Hayat hata hakugeuka. Akajibu kama alivyofunzwa tangu utotoni: karibu. Msimlaumu. Watu wa pwani ndivyo tulivyo, tunakaribisha kwanza, kuuliza ni nani baadaye.

Aliyebisha hodi ni maji. Mvua za vuli zilikuwa zimejaza ule mfereji unaopita kati ya magodauni na nyumba za watu, huku nyuma ya Mikocheni, na maji yakapenya chini ya tuta la udongo linaloukinga. Kwa kuwa yamekaribishwa, yakaingia. Tope na chupa za plastiki yaliviacha kizingitini, kama mtu anavyovua viatu. Yakatoa salamu, yakapita sebuleni, yakatulia kimo cha kifundo cha mguu.

Roho ya Hayat ilikuwa kwa mama yake. Bi Rumaisa alikuwa haondoki kitandani tangu alipopata kiharusi, na chumba chake ndicho kilichopakana na mfereji. Kila msimu wa mvua Hayat alilala jicho moja wazi, akiwaza tuta likipasuka atambebaje mama mwenye mwili kiasi kile. Lakini maji yalifika kwenye pazia la chumba yakaishia hapo. Mgeni mwenye heshima zake havuki pazia la wenyewe. Hayat alilia kidogo kwa shukrani, kisha akarudi kwenye karai, maana bagia zilikuwa zinaungua.

Badru, mdogo wake, fundi wa mafriji, alikuja na pampu ya kuazima. Hayat akamkatalia. Mgeni hafukuzwi kwa pampu. Badru alinung'unika kwamba hii ni ishu ya tuta, si ya ugeni, ila akakunja suruali, akakaa, akala wali wake miguu ikiwa ndani ya mgeni. Majirani nao walipita kusalimia. Mmoja alisema Hayat ana bahati yake, kwani maji ya kwao mwaka jana hayakubisha hodi, yalikuja na ukuta.

Siku ya tatu Bi Rumaisa aliita kutoka chumbani.

"Hayat, huyo mgeni kalala kwetu mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Basi leo mpe jembe. Mie sina ubaya naye, lakini desturi ni desturi."

Maji hayakununa. Yalipokea jembe, yakatoka kwa mlango ule ule, yakaanza kazi kwenye tuta. Yalijua kila tundu, maana yalipita humo yenyewe. Yaliziba mashimo ya panya, yakarudisha mchanga uliokuwa umechotwa na watu wa ujenzi, yakaushindilia mpaka ukatulia. Hayat aliyapelekea chai ya tangawizi. Badru alisimama pembeni anaangalia, mwisho akaona haya, akachukua koleo.

Kazi ilipokwisha maji yakamwambia Hayat ukweli.

"Hapa kwako pamekaa sawa. Pabovu hasa ni kule kwenye godauni, wamelikata tuta ili malori yapite. Mfereji ukijaa sawasawa, utatokea pale na kuzunguka mpaka huku."

"Si ukapazibe na pale?"

"Kule sijakaribishwa, dada. Nalima kwa mwenyeji wangu tu."

Hayat aliona maneno hayo yana haki. Akayafungia maji bagia, yakaaga, yakarudi mferejini. Badru alikwenda kwa mwenye godauni kumweleza. Alipewa soda baridi, akaambiwa kwa upole kwamba malori hayana mabawa.

Vuli ilipokatika akaja Brightson, mhandisi aliyetumwa kupima matuta kabla ya masika. Kazi yake ilikuwa kuchoma nondo kwenye udongo na kusema kama wanaoishi chini ya tuta wakae au wahame. Nyuma ya kwa Hayat nondo iligoma kuingia. Akauliza mkandarasi ni nani. Hayat akamwambia ni maji. Akauliza kama yamesajiliwa. Aliposikia hayajasajiliwa, akaandika nguvu za wananchi, akawapongeza.

Kwenye godauni alisimama sana. Tuta pale lilikuwa sawa na ardhi, na malori yalimpita mgongoni yakimtimulia vumbi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Alikiri mbele ya Hayat kwamba maji yatatokea hapo hapo. Ila kwenye ramani yake palikuwa pameandikwa barabara, naye alitumwa kupima tuta.

"Tuta lote nililolipima ni zima, dada Hayat," akasema. "Hatari kwenu ni ndogo. Nashukuru sana kwa ushirikiano."

Hayat naye alishukuru, na alishukuru kwa dhati. Angeweza kuambiwa ahame, na Bi Rumaisa angehamia wapi? Akamfungia mhandisi bagia za moto kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Jioni alimsimulia mama yake yote, ya nondo na ya ramani. Bi Rumaisa akasema alhamdulillahi. Kisha akamwambia amwite Badru, aje na matofali.

Wakakiinua kitanda na yeye mwenyewe akiwa juu yake, pembe moja baada ya nyingine, wanahema, mpaka godoro likafika usawa wa dirisha. Bi Rumaisa aliwaombea dua ndefu. Tangu augue alikuwa haoni nje. Sasa aliliona tuta, na mbele yake malori yakivuka pale penye mkato, moja nyuma ya jingine.

"Mungu awalipe, wanangu," akasema. "Nimepata pa kuangalia."