Mifupa ya Kusafishia Maji

Tangu kiwanda cha rangi kifunguliwe kule juu, maji ya kisima yaligeuka manjano, na mama, aliyelea watoto kwa kazi ya udobi, akaanza kurudishiwa shuka. Ziliingia nyeupe, zikatoka kama zimepikwa kwa bizari. Wateja wakakata mguu.

Mjomba, aliyefanya kazi kwenye maabara ya maji, ndiye aliyemfundisha binti dawa yake: mifupa ichemshwe itoke mafuta, ikaushwe, itwangwe, ilowekwe kwenye asidi, kisha iokwe katika chungu kilichozibwa kwa udongo kisipate hewa.

"Kipoe ndipo ufungue," alimwonya. "Hata kama roho inakutoka."

Roho ilimtoka kweli kwa hamu. Mara ya kwanza aliinua kifuniko achungulie tu; hewa ikaingia, mifupa ikaungua ikawa jivu jeupe. Asidi iliyobaki ilitosha chungu kimoja. Nacho kikiharibika, mama angefunga kazi.

Muuza nyama wa jirani, waliyemwita Shoka, akaleta karai jingine la mifupa bila kuombwa.

"Mbwa wa mtaa mzima wameninunia kwa ajili yako."

"Waambie wanisamehe, kaka."

"Na usichungulie tena. Hicho ni chungu, si bwana harusi."

Safari hii mama aliburuta kigoda, akakaa kati ya bintiye na jiko. Binti akizungukia kulia, mama naye huyo kulia.

"Mama, nanusa tu."

"Nusia huko huko. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Kesho yake wakafungua chungu kikiwa baridi. Vipande vilikuwa vyeusi tii, vyepesi, vimejaa vitundu kama sifongo. Binti akaviosha kwa maji ya mvua, akamwaga, akaosha tena, mpaka karatasi ya mjomba ya kupimia asidi ikaacha kugeuka nyekundu. Akavishindilia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, akamimina maji ya kisima.

Yakadondoka taratibu. Mama akayakinga kwa bakuli, na ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana lote, hata vikonyo vyake.

"Mwanangu," akasema, "uzae watakaokufaa kama ulivyonifaa."

Binti alidhani sasa atakimbilia shuka za wateja. Mama huyoo, mpaka buchani, akamfungua Shoka aproni yake yenye madoa, watu wakitazama.

"Mama! Unanivua hadharani?"

"Lete hapa. Leo naanza na yako."