Mzio: Hakuna

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, Bi Printa alivunja kanuni aliyoitunga mwenyewe.

Jina hilo la Bi Printa hakulipenda, lakini lilikwisha mganda. Miaka tisa nyuma aliingia katika hospitali ile kama fundi wa kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye mashine za kuchapia, na watu wakishakuona umepiga magoti nyuma ya mashine, ukisimama hawakutambui. Kutoka hapo alihamishiwa dawati la msaada, kupokea simu za madaktari waliosahau nywila zao na kumlaumu yeye. Kisha akawa mratibu, yaani mtu wa kuandika mihtasari ya vikao na kuwakumbusha watu wazima mambo waliyoahidi kwa vinywa vyao. Jioni alisomea usimamizi wa miradi. Mtihani wa cheti aliufeli mara mbili, na mara ya tatu akapita kwa alama ambazo hakumtajia mtu. Miezi saba iliyopita, meneja wa mradi mkubwa wa hospitali alipoacha kazi ghafla, Mkurugenzi alitazama huku na huku, akaona hakuna mwingine anayejua nini kiko wapi, akamwita.

"Kaimu," alimwambia. "Tuone."

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuingiza kwenye kompyuta mafaili ya karatasi ya wagonjwa elfu sitini. Wachapaji kumi walikaa miezi mitano katika chumba kimoja, faili mkononi, macho kwenye skrini. Leo saa sita mchana mfumo mpya ungewashwa rasmi, na karatasi zote zingekwenda kwenye ghala nje ya mji. Kabla ya hapo, saa nne, wakuu wa idara wangekaa kikao cha maamuzi, kila mmoja aseme "twende" au "tusiende". Wakienda, Mkurugenzi angesaini barua ya kumthibitisha Bi Printa kuwa meneja kamili. Wasipokwenda, nafasi ingetangazwa gazetini. Tangazo alikwisha kuliona, maana lilikwama kwenye mashine ya kuchapia na ni yeye aliyeitwa kulichomoa. Lilitaka mtu mwenye digrii. Yeye digrii hakuwa nayo.

Sasa hiyo kanuni. Mwanzoni mwa kazi ya uchapaji, karani mmoja wa masjala alifungua faili la shemeji yake, na kufika jioni mtaa mzima ulijua shemeji anaumwa nini. Bi Printa aliwaka. Akaandika kanuni namba nne: mfanyakazi yeyote atakayefungua faili la ndugu, jamaa au rafiki ataondolewa kwenye mradi siku hiyohiyo. Karani akaondoka. Na ili siri za wagonjwa zisichezewe, akaagiza majaribio yote ya mfumo yafanywe kwa mafaili ya wafanyakazi wa mradi wenyewe, watu ishirini na wawili. Mkurugenzi alimsifu mbele ya bodi. Bi Printa alitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Asubuhi hiyo mama yake mdogo alikuja kliniki ya presha. Ni yeye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na hakuwa mtu wa kupita mlangoni bila kusalimia. Aliingia ofisi ya mradi na mkoba wake, akaketi bila kukaribishwa, akaitazama skrini kwa jicho la mashaka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kinachokunyima usingizi? Na mimi nimo humo?"

"Umo. Wote mmo."

"Hebu nijione."

Ofisini walikuwa wawili tu. Bi Printa alijua anachokifanya, tusimtetee. Lakini miezi saba alikuwa hajamwonyesha mtu wake hata mmoja kazi anayoifanya, na huyu mama aliuza nguo mkononi ili yeye asome. Akaandika namba, faili likafunguka.

"Loo!" Mama mdogo aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Jina langu lote! Na mwaka wa kuzaliwa. Huo mwaka walinikisia tu, lakini kwenye kompyuta unapendeza."

Bi Printa alicheka. Kisha jicho lake likateremka hadi chini ya ukurasa, na kicheko kikamkauka. *Mzio: Hakuna.*

Miaka kumi na miwili nyuma mama huyuhuyu alichomwa sindano ya penisilini. Uso ulivimba hadi macho yakapotea, na Bi Printa alikimbia pembeni ya machela akimwita, hajibiwi. Faili lake la karatasi lilikuwa na maandishi mekundu makubwa kwenye jalada, hata kipofu angeyaona. Kwenye skrini hayakuwapo.

"Mbona umebadilika?"

"Hamna kitu, mama mdogo. Nenda kliniki, foleni itakupita. Na wakitaka kukuchoma sindano yoyote leo, kataa mpaka niwepo. Umenisikia?"

"Kwani kuna nini?"

"Kataa tu, mama."

Alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akakimbia chumba cha pili kwa mtu waliyemwita Profesa, kijana aliyeutengeneza mfumo wenyewe, ambaye hakuwahi kufundisha popote. Hakumficha kitu. Profesa aliweka chini kikombe chake, akapekua. Vidole vilikwenda mbio, vikapunguza mwendo, vikasimama.

"Dada, fomu ya wachapaji ina kurasa mbili. Mzio uko ukurasa wa pili. Ukihifadhi bila kuufungua, mfumo wenyewe unajaza 'Hakuna'."

"Na wachapaji wameufungua mara ngapi?"

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mara ishirini na mbili."

Hakuhitaji kufafanuliwa. Wachapaji walijua mafaili gani yatakaguliwa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyebandika orodha ukutani. Hayo ishirini na mawili waliyajaza kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa. Yaliyobaki waliyakimbiza, kwa sababu ukutani hapohapo palikuwa na ratiba yake: mafaili sitini kwa kila mchapaji kila siku, bila kisingizio. Majaribio yakapita bila doa.

"Tuwashe tu leo," Profesa alisema kwa sauti ya chini. "Wiki ijayo tunawarudisha wachapaji kimyakimya, wanajaza ukurasa wa pili. Nani atajua?"

"Na atakayechomwa sindano kesho?"

Profesa alikigeuza kikombe chake mezani. Kisha: "Basi sema tumegundua kwenye ukaguzi wa mwisho. Usiseme ni faili la nani. Jina lako kwenye kumbukumbu za mfumo nalifuta mimi. Ni mstari mmoja tu, dada."

Alitamani. Tuseme ukweli, alitamani mpaka mate yakamjaa kinywani. Mstari mmoja, na angebaki kuwa meneja mwangalifu aliyegundua kosa dakika za mwisho. Pengine hata nafasi ikitangazwa wangemfikiria. Alisimama pale kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu.

"Usifute," alisema hatimaye. "Ukishafuta mmoja, kesho mtu mwingine atakuja kukuomba, na wewe utakuwa umeshajua njia."

Saa nne kamili Mkurugenzi alifunga mlango wa chumba cha mikutano. Hakuwa na mazoea ya kupoteza maneno. Alimnyooshea kalamu mkuu wa masjala, mzee mnene mtunza mafaili ambaye kila mtu alimwita Bwana Masjala.

"Twende," alisema Bwana Masjala, amejaa furaha. "Tena mimi nimeshatangulia. Lori la kwanza limeondoka saa tatu na nusu na mafaili ya wodi ya upasuaji. Sikutaka tuchelewe."

Bi Printa aliandika saa hiyo kwenye daftari lake.

"Twende," alisema Metroni, mkuu wa wauguzi. "Wauguzi wangu wamefundishika. Upasuaji nao wametangulia, wanatumia skrini mpya tangu asubuhi."

Profesa alitazama viatu vyake. "Mimi namsikiliza meneja."

Kalamu ikamgeukia Bi Printa.

"Tusiende," alisema. Na kabla hajaulizwa akaeleza: ukurasa wa pili, neno lililojijaza lenyewe, orodha ukutani, mafaili sitini kwa siku. Metroni alikuwa ameshika mdomo.

"Wagonjwa wangapi wana mzio?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hatujui. Kompyuta haijui. Zinazojua ni karatasi."

"Na wewe umejuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwisho wa kazi yake, na aliuona waziwazi. "Nilifungua faili la mama yangu mdogo. Leo asubuhi. Alitaka kujiona, nikamwonyesha."

Bwana Masjala aligonga meza kwa kiganja. "Karani wangu aliondoka kwa hilohilo! Ana watoto watatu!"

"Najua," alisema Bi Printa.

"Kanuni inasemaje?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ataondolewa kwenye mradi siku hiyohiyo."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. Kama alikuwa na huruma, aliiacha nyumbani. "Hatuendi. Saa sita kamili utanikabidhi kadi yako, utarudi dawati la msaada. Mpaka hapo wewe ndiye meneja wa mradi. Kwa hiyo ongoza."

Kulia kungekuwa rahisi zaidi. Badala yake alisimama.

"Metroni, piga simu wodi zote. Hakuna kumchoma mtu sindano kwa kutegemea skrini. Waulizwe wagonjwa, waulizwe ndugu, na karatasi iwe mkononi. Bwana Masjala, karatasi zilizobaki zirudi rafu zake sasa hivi, na unipe namba ya dereva. Profesa, lifute hilo neno 'Hakuna' kwenye mafaili yote, mahali pake iandikwe 'Haijulikani'."

Waliondoka kila mtu na lake. Bwana Masjala alibaki akitweta, akaandika namba ya dereva kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mezani bila kumtazama.

Simu ya dereva haikupatikana. Alipiga mara ya pili, ya tano, ya kumi. Saa tano na nusu Metroni alirudi mbio, kofia imemkaa upande.

"Kitanda cha sita, upasuaji. Kijana wa ajali, hajitambui, ndugu hawajafika. Amewahi kulazwa wodi hiyohiyo, kadi yake yenye namba imo mfukoni, kwa hiyo faili analo, lakini liko kwenye lori. Anaingizwa chumba cha upasuaji, na kabla ya kupasuliwa lazima achomwe sindano ya kuzuia maambukizi. Penisilini. Imeshajazwa."

"Si wabadilishe dawa?"

"Hiyo nyingine imeisha, wametuma watu kuifuata hospitali ya jirani. Daktari anasema hawezi kungoja zaidi ya nusu saa, mtu atamfia."

Bi Printa alipiga tena. Ikaita.

"Haloo?" Dereva alikuwa amefurahi tu. "Nilikuwa bondeni huko, mtandao hakuna. Nimebakiza kidogo nifike."

"Simamisha gari."

"Hapa barabarani?"

"Hapohapo, ndugu yangu. Panda nyuma. Natafuta faili namba elfu saba mia mbili na nne."

Alimsikia akishuka, akifungua turubai, akiguna. Maboksi yalikuwa thelathini na mawili, na Bwana Masjala, kwa haraka zake, hakuyaandika namba. Alikuwa amerudi kutoka kwenye rafu zake, na sasa ilikuwa zamu yake kuinamisha kichwa. Metroni alishika simu nyingine, ya wodini, akirudia neno moja tu: "Ngojeni. Ngojeni." Mkurugenzi alikuwa amerudi na kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hili ni la elfu tano," alisema dereva. "Hili elfu nane... Dada, hapa jua linachoma."

"Endelea."

"Elfu saba... mia moja tisini. Hapa hapa pamekaribia. Mia mbili na mbili. Mia mbili na tano. Hiyo ya nne haipo."

"Ipo. Tazama ndani ya nyingine, huwa zinabebana."

Karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Nimelipata! Lilikuwa tumboni mwa mwenzake. Jalada lina maandishi mekundu."

"Nisomee."

Dereva hakuwa mwepesi wa kusoma. Alisoma silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la pili, na watu wanne chumbani walizisubiri moja moja. "Pe. Ni. Si. Li. Ni. Kisha wameandika, asichomwe kabisa."

"Asichomwe!" Bi Printa alipiga kelele, na Metroni akalirudisha neno hilohilo kwenye simu yake. Wakasikiliza. Upande wa pili mtu aliongea haraka. Metroni akaketi sakafuni pale alipokuwa.

"Wameiweka chini," alisema. "Hiyo dawa nyingine iko getini, inaingia."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika tatu. Hakuna aliyekuwa amemkumbusha Bi Printa kwamba kwa dakika tatu alikuwa anaamrisha watu bila cheo. Alivua kadi shingoni, akaenda mlangoni, akamkabidhi Mkurugenzi. Mkurugenzi aliipokea, akaitia mfukoni. Hakumshukuru, wala hakumkemea.

"Na kitanda cha saba?" aliuliza.

"Bado. Vitanda vyote vingine, mpaka cha kumi na nne, bado," alisema Bi Printa. Alimpa Bwana Masjala simu, dereva akiwa bado hewani. "Muulize kwa namba, moja moja. Na atakachosoma, mwambie akirudie mara mbili."

Kisha alitoka. Kwenye ngazi za kushukia dawati la msaada alilia, wala hakujificha, na waliokuwa wakipanda walimpisha njia.