Dishi la Miguu Mitatu

Pale dukani Port Augusta, kusini mwa Australia, Merv Hocking alimwuliza Stavros, mwenye duka, swali lilelile mara tatu. Mara ya tatu, mkewe Glenys alijikuta akiangalia viatu vyake mwenyewe.

"Kwa hiyo dishi hili la kuba linajitafutia setilaiti lenyewe?"

"Lenyewe, mzee," Stavros akajibu kwa upole uleule, kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa. "Unalifunga juu ya paa la karavani, unabonyeza kitufe, linazunguka kidogo, dakika tatu picha hii hapa. Hata ukiwa umelala."

Kuba lenyewe lilikuwa kwenye meza, jeupe, kama bakuli kubwa lililofunikwa. Kando yake lilisimama dishi la kawaida la bati kwenye stendi ya miguu mitatu, pamoja na waya wa mita thelathini, dira, na kipimo kidogo kinacholia kikinusa mawimbi. Kuba lilikuwa dola elfu mbili na mia nne. Hilo jingine halikufika mia saba.

Lakini si bei iliyokuwa ikimkosesha Glenys raha. Merv alifunga antena na madishi mjini Whyalla miaka arobaini. Hakukuwa na mtaa ambao hakupanda mapaa yake, na alikuwa akijua pembe za setilaiti kichwani kama watu wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao. Sasa mwezi wa kumi na mbili uliopita aliondoka nyumbani kwenda kununua maziwa, akaenda hadi kwenye nyumba waliyoiuza miaka kumi na moja nyuma, akagombana na mama wa pale akidai arudishiwe ngazi yake ya kazi. Glenys alikwenda kumchukua. Hakumwambia mtu, hata binti yao.

"Tuchukue la kuba, Merv," alisema kwa sauti ya chini. "Tupumzike."

"Nipumzike na nini? Miaka arobaini nimetafuta mawimbi kwa mikono hii, leo nitafutiwe na bakuli?"

Stavros akacheka. "Mzee ana hoja yake, mama. Ukiwa na kuba, lazima uegeshe karavani mahali peupe, jua likupige utosini. Hili la miguu unaliacha huko nje linaungua peke yake, wewe umekaa kivulini na bia yako."

"Unasikia?" Merv alimwambia mkewe, na uso wake ukang'aa hivi kwamba Glenys hakuwa na moyo wa kubisha. Walichukua la miguu mitatu.

Wakati wa kupakia, Stavros alimsogelea Glenys nyuma ya gari. "Mama, mkiona linawasumbua, lirudisheni. Sitauliza neno." Glenys akashukuru, kisha akaona uchungu, kwa sababu sasa alijua kwamba mtu mwingine naye ameona.

Siku mbili baadaye, wakivuta karavani yao, kijumba cha magurudumu, walifika chini ya milima ya Flinders, kilomita sitini za barabara ya vumbi kutoka kwenye lami, mahali ambapo simu haina kazi ila kutazama saa. Palikuwa na mto mkavu, mpana, umejaa kokoto nyeupe, na kingo zake zimesimamiwa na mikaratusi minene ambayo watu wanne wasingeweza kuikumbatia. Maji hayakuwa yamepita humo kwa miaka mitatu.

Kulikuwa na karavani moja tu, na imeegeshwa katikati ya kokoto, peupe kabisa, na kuba juu ya paa. Mwenyewe alikuwa Yvonne Stubbs wa Mildura, mjane, dereva mstaafu wa mabasi ya shule, mwenye sauti ya kupigia kelele watoto sitini na mbwa mdogo wa kahawia aliyeitwa Biskuti.

"Njooni huku chini!" aliwaita. "Huko juu miti itawamezea picha!"

"Sisi tuna waya mrefu!" Merv akamjibu.

Aliegesha juu ya ukingo, mbali kidogo na matawi, akashuka na dishi lake hadi kwenye kokoto. Glenys alitoa viti akakaa kumtazama. Kwa dakika chache alikuwa Merv wa zamani: alisawazisha stendi, akaibana miguu kwa mawe isisogee, akaitoa dira. Kisha akasimama na dira mkononi. Akasimama sana. Akageuza dishi magharibi, akasikiliza kipimo, akaligeuza kusini, ambako hakuna kitu chochote angani cha kutafutwa.

"Unatafuta pengwini, jirani?" Yvonne akamtania kutoka kwenye kiti chake.

Merv alicheka, lakini shingo yake ilikuwa nyekundu. Saa nzima ilipita. Mwishowe Glenys alikunja karatasi ya maelekezo iliyokuja na dishi ndani ya kiganja, akashuka kama mtu anayepeleka chai.

"Digrii thelathini na moja mashariki ya kaskazini," alisema taratibu. "Juu, arobaini na tisa."

Hakumtazama. Merv naye hakumtazama. Aligeuza dishi, kipimo kikaanza kulia, kwanza kwa kusitasita, halafu mlio mmoja mrefu. Waliporudi ndani, kriketi ilikuwa kwenye skrini, safi, kila jani la uwanja linaonekana. Merv alikaa akaangalia mechi hadi mwisho na mkono wake juu ya goti la mkewe.

Kesho yake joto lilikuwa baya. Si joto la jua tu; hewa ilikuwa nzito, imekaa bondeni haitaki kuondoka. Mbingu juu yao ilikuwa buluu tupu. Kasuku weupe waliokuwa wakipiga kelele mitini tangu alfajiri walinyamaza saa saba hivi, kisha wakainuka wote kwa pamoja wakaelekea tambarare. Biskuti alijificha chini ya karavani ya Yvonne na hakutoka hata alipoonyeshwa soseji.

Saa tisa na nusu, picha ilianza kuvunjika.

Kwanza ilikuwa miraba midogo pembeni mwa skrini. Kisha uso wa mtangazaji wa habari ukagawanyika vipande, mdomo huku, macho kule, sauti ikakatika, na skrini ikawa nyeusi na maandishi yanayosema hakuna mawimbi. Merv alishuka kwenda kwenye dishi. Alilisogeza kidogo, akasikiliza. Kimya. Akalisogeza tena. Akakagua waya, akaufungua, akaufuta kwa shati, akaufunga. Glenys alimtazama dirishani, akaona mabega ya mumewe yakishuka.

Alipomfikia, Merv alikuwa amechuchumaa kando ya stendi.

"Imenitoka, Glen," alisema. "Kazi yangu yote imenitoka. Jana nilijua haikuwa mimi. Ilikuwa karatasi yako."

Glenys naye alikuwa akifikiri hivyohivyo. Akashika bega lake. Na hapo alisikia mlio mwingine.

Ulitoka kwenye paa la Yvonne. Kuba lilikuwa likizunguka. Lilinguruma kulia, likasimama, likanguruma kushoto, likasimama, likaanza upya.

"Yvonne! Wewe unapata picha?"

"Sipati chochote!" Yvonne akatokea mlangoni. "Limeingiwa na wazimu, linazunguka tu. Dola elfu mbili na nusu zangu!"

Glenys aliangalia miguu ya stendi yao. Yale mawe yalikuwa palepale yalipowekwa jana. Dishi halikuwa limeelekezwa vibaya. Wala hawakuwa wao tu.

"Merv," alisema. "Na lake pia. Na lake linajitafutia."

Merv aliinua kichwa. Alitazama kuba linalohangaika, kisha akatazama dishi lake, kisha akafuata kwa macho pale dishi lilipokuwa likielekea: kaskazini mashariki, juu ya mgongo mwekundu wa mlima. Mbingu juu ya vichwa vyao ilikuwa buluu, ila upande ule utando hafifu wa kijivu ulikuwa umepanda kutoka nyuma ya mwamba, na chini yake kulikuwa na ukingo mwembamba mweusi, kama mstari wa kalamu.

"Mvua," alisema. "Mvua nzito. Imekaa katikati yetu na setilaiti, inameza mawimbi." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu aliye juu ya paa akimwita msaidizi ampe spana. "Mvua ya kuzima picha namna hii si manyunyu. Na mto huu unatoka wapi?"

Glenys aligeuka kutazama. Kokoto zilipanda zikipindapinda hadi kwenye pengo la mlima uleule.

Merv hakukimbia. Alianza kukunja waya, duara juu ya duara, huku akipanda ukingo. Kisha aliuacha pale juu, akashuka tena, akaenda moja kwa moja kwa Yvonne na kuanza kung'oa vigingi vya kivuli chake cha turubai.

"We mzee! Unafanya nini?"

"Unahama. Maji yanakuja."

"Maji gani? Mbona jua linawaka?" Yvonne akamgeukia Glenys, akishusha sauti, na Glenys aliona lile jicho, lilelile la Stavros, la mtu aliyekwisha kumpima mumewe. "Mpenzi, samahani, lakini bwana wako yuko sawasawa? Asubuhi aliniuliza jina langu mara mbili."

Kigingi kingine kikang'oka. Glenys alitazama mbingu ya buluu, akatazama mikono ya Merv. Kama alikuwa amekosea, watamhangaisha mama wa watu juani bure, na atajua, na hilo litammaliza. Na Glenys mwenyewe hakuwa na hakika. Miezi mitatu sasa alikuwa akihakiki kila neno linalotoka kinywani mwa mume huyu.

"Wewe ndiye uliyeniambia kuba lako lina wazimu," alimwambia Yvonne. "Dishi letu nalo lina wazimu? Mume wangu amefanya kazi hii miaka arobaini. Akisema ni mvua, ni mvua. Washa gari."

"Nianze kuifunga karavani kwenye gari sasa hivi, hata sijatoa jeki..."

"Basi iache! Mchukue mbwa!"

Pengine ilikuwa ile sauti, ambayo Glenys mwenyewe hakujua kuwa anayo. Yvonne alipiga magoti, akamvuta Biskuti kwa ukanda wa shingo, akamtupa garini, akawasha. Gari lilipanda ukingo likitupa kokoto, na Glenys akalifuata juu kwa miguu. Merv alikuwa bado chini, akihangaika na kigingi cha mwisho.

"Merv! Achana nacho!"

"Nakuja, nakuja."

Upepo ulifika kabla ya maji, upepo baridi wenye harufu ya udongo mbichi. Kisha kukaja mngurumo ambao Glenys aliuhisi kwanza kwenye nyayo. Pale kwenye kona ya mto kikatokea kitu kama ukuta mfupi wa kahawia, haufiki kiunoni, umebeba magogo na matawi na mzoga wa kangaruu, nao haukuwa na haraka yoyote. Ndivyo ilivyoonekana: unatembea tu. Glenys alishuka nusu ya ukingo, akamshika Merv shati mgongoni, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili juu ya mizizi ya mkaratusi huku maji yakipita chini ya miguu yao.

Dishi lilisimama sekunde moja hivi, maji yakilizunguka miguu, kisha likainama na kwenda. Karavani ya Yvonne iliinuka taratibu, ikageuka ubavu, ikaelea kuelekea tambarare. Kuba juu ya paa lake lilikuwa bado linazunguka.

Hata tone moja la mvua halikuwa limewaangukia.

Yvonne alilia kwa muda mrefu, akiwa amemkumbatia mbwa. Merv alimletea blanketi na chai yenye sukari nyingi, akakaa naye, akampigapiga mgongoni kama alivyofanya kwa binti yao alipokuwa mdogo. Glenys aliwatazama akiwa mlangoni. Alijiambia kwamba huenda hata akimpeleka kwa madaktari, hawatamkuta na ugonjwa wowote. Mtu ambaye akili inamtoka angeisoma vipi mbingu namna ile?

Asubuhi alikuja askari wa hifadhi kwa gari lenye magurudumu makubwa, kijana wa kike mwenye madoadoa usoni, ameshaiona karavani kilomita nne chini imekunjika kwenye uzio. Yvonne alimsimulia yote. Askari akamgeukia Merv, akavua kofia.

"Bwana Hocking, umeokoa maisha ya huyu mama. Ulijuaje?"

Merv alimtazama kwa adabu. Alitazama mto, ambao sasa ulikuwa matope na madimbwi, na yule mama mwenye mbwa, na akatabasamu kama mtu aliyekaribishwa kwenye sherehe ambayo mwenyeji wake hamjui.

"Nilijua nini?" akauliza.

Askari alicheka, akidhani ni utani. Yvonne hakucheka. Alimtazama Glenys, na safari hii macho yake yalikuwa tofauti. Akaja, akamshika mkono, akaubana.

Walipoanza kufunga vitu, Merv alikwenda upande wa usukani kama kawaida. Glenys alikuwa amekwisha kukaa pale.

"Leo naendesha mimi," alisema.

Merv alisimama na mkono juu ya mlango. Kisha akazunguka mbele ya gari polepole, akiligusa boneti kwa kidole njia nzima, akaingia upande wa pili na kufunga mkanda.

"Tunaenda wapi, Glen?"

"Nyumbani."

"Ipi?" akauliza.

Glenys aliwasha gari.