Wavu wa Mlangoni

Mume wangu Vuai aliuza vifaa vya uvuvi Al Mansoura, Qatar, kwa miaka mingi kuliko ile tuliyoishi pamoja kwetu Mkokotoni. Duka lilikuwa dogo, ubavuni mwa fundi viatu. Mlikuwa na ndoana, mishipi, chubwi za kuizamisha, taa za kambi, na risasi ndogo za bunduki za upepo kwa wanaokwenda jangwani. Mwenye duka, Bu Nasser, ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini wake kisheria. Ikama ya Vuai, yaani kibali chake cha kuishi Qatar, ilitegemea duka lile. Likifungwa, na yeye anarudi nyumbani.

Mimi nilikuwa mpishi kwa Umm Fahad, Al Thumama. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kutoka. Nilimpelekea Vuai wali na samaki, tukala nyuma ya kaunta. Wajukuu wetu walikuwa wanasoma kwa mshahara wangu, kwa hiyo tulikubali kuonana hivyo.

Wakati wa sala ukifika Vuai hakufunga mlango. Alitundika wavu wa zamani kwenye misumari miwili mlangoni, akaenda msikitini. Kila mtu mtaani alijua maana yake: mwenyewe anasali, ngojeni. Na walingoja. Fundi viatu, Mnepali, aliwapa wateja kiti chake akakaa yeye chini.

Halafu wateja wakaanza kupungua. Walinunua fimbo za kuvulia kwenye maduka makubwa, wakamletea Vuai awafungie ndoana.

"Mzee Vuai, umeniona nilivyopendeza na fimbo mpya?" aliuliza kijana mmoja wa Mombasa.

"Fimbo imependeza," Vuai akamjibu, akiwa ameshaanza kufunga. "Wewe bado."

Tulicheka. Lakini kijana aliondoka bila kununua hata chubwi.

Bu Nasser alikuwa amezeeka, baharini haendi tena. Akaanza kumtuma dereva wake aje kununua ndoana dukani kwake mwenyewe. Vuai alizifunga vizuri kwenye karatasi kama anamuuzia mgeni, akamwambia dereva, "Mpe salamu huyo mvuvi." Hakuna aliyemwaibisha mwenzake.

Bu Nasser alipofariki, jengo lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Mwanawe Jasim hakumtupa Vuai. Alizunguka hadi akampatia nafasi katika duka kubwa la michezo, upande wa uvuvi, ndani ya jumba moja la maduka. Walikubaliana afanye kazi kwa majaribio. Akifaa, watamhamishia ikama. Asipofaa, basi.

"Ammi," Jasim alimwambia mbele yangu, "huko wasikilize tu. Wakikwambia simama hapa, simama hapa."

"Nitasimama, mwanangu."

Siku hiyo nilimpigia pasi shati lenye nembo ya duka. Kola ilikuwa pana, shingo yake ikaonekana nyembamba. Nilimwambia amependeza.

Alianza vizuri. Msimamizi wake alikuwa Herbert, Mganda, mtu mpole. Alimwonyesha namna ya kutumia mashine ya kulipia, akarudia bila kuchoka. Vuai aliniambia kwenye simu kwamba wateja wanamuuliza maswali na anajibu. Sauti yake ilikuwa imechangamka, nami nikaanza kuamini.

Halafu ikaja alasiri ile. Adhana ilisikika kwenye vipaza sauti. Vuai akachukua wavu mmoja rafuni, akautundika kati ya makabati mawili ya fimbo, akaenda kusali. Hakumwambia mtu. Kwa maisha yake yote ya kazi, kutundika wavu ndiko kulikokuwa kusema.

Akaja mwanamke na watoto wake. Yeye alidhani wavu unauzwa. Akauvuta autazame. Kabati likamfuata, fimbo zikamwagika, kioo kikavunjika. Mtoto mmoja alikatwa na kioo mkononi. Si sana, alhamdulillahi, lakini damu ilitoka.

Vuai alirudi akaikuta damu sakafuni. Aliniambia hakuuliza habari ya kioo, aliuliza mtoto yuko wapi.

"Mzee, ungeniambia tu," Herbert alisema. "Ningekaa mimi pale. Kila mtu hapa anasali kwa zamu."

"Niliweka wavu."

"Nani anajua wavu, mzee wangu?"

Herbert alikwenda kumwombea kwa meneja, akarudi akiwa ameinamisha kichwa. Wakamwita mlinzi amtoe Vuai. Alikuwa Mkenya, jina lake Kiprono.

"Mzee, pole," Kiprono alimwambia. "Mimi nimetumwa tu. Nipe hiyo begi nikubebee."

Akatangulia mbele na lile begi, mbali kidogo, watu wasione kwamba mzee anatolewa. Nimemwombea dua kijana yule hadi leo.

Jasim alijaribu kwingine. Kote waliuliza umri. Mwishowe alimkatia tiketi Vuai, na Umm Fahad akampa dereva wake ruhusa anipeleke uwanja wa ndege.

Tulisimama karibu na mlango wa kuingilia abiria. Vuai alinitengeneza mtandio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

"Nilisahau, Shani," alisema. "Nilisikia adhana, nikasahau niko wapi."

"Najua."

"Twende sote."

Nilimtajia mjukuu wetu mdogo na darasa alilofika. Aliitikia kwa kichwa. Hakuniomba tena, na hilo ndilo lililoniuma. Akaingia ndani.

Ijumaa iliyofuata nilipika mapema kama kawaida, nikasafisha meza, nikabaki nimesimama jikoni. Umm Fahad aliingia akaniona sijavaa baibui.

"Leo hutoki?"

"Leo nipo tu, mama."

Alinitazama, akakunja mikono ya nguo yake. "Nenda kalale. Vyombo nitaosha mimi."

Nilikwenda chumbani nikajilaza. Nilimsikia akiviosha taratibu, sahani moja moja, asinisumbue.