Pua ya Marehemu Tatsunojo

Oriku alikuwa akichambua maharage barazani, katika jiji la Edo, mchuuzi alipopita akinadi picha ya kifo cha mumewe. Akachukua moja. Tatsunojo, mwigizaji wa michezo ya kabuki, alikuwa amekwenda Osaka kuigiza, na huko tumbo likamsumbua. Pichani alivaa kimono ya samawati iliyopauka, rangi wanayovikwa waigizaji waliofariki, na mkononi ameshika tawi la mshikimi, lile liwekwalo makaburini. Pembeni liliandikwa jina jipya la umauti, lile apewalo mtu akishakufa. Wino ulikuwa haujakauka. Oriku akafukiza ubani.

Kesho yake Tatsunojo akarejea, mzima, mwenye njaa. Kimono yake ya kahawia ilikuwa imegeuka samawati.

"Ilianza kupauka nilipovuka daraja," alisema, akivua viatu.

Oriku akamvisha nyingine. Nayo ikapauka kabla hajafunga mshipi. Jioni tawi la mshikimi likamwota katika kiganja cha kulia, akawa anakula wali kwa mkono wa kushoto.

Wakaenda kwa Jinbei, mchapishaji wa picha ile.

"Pole kwa msiba, mama," Jinbei alisema.

"Msiba gani? Mwenyewe si huyu, anakunywa chai yako!"

"Namwona. Pole na wewe, Bwana Tatsunojo." Akaeleza kwamba duka linalotangulia kutoa picha ya kifo ndilo linalouza; angengoja mgonjwa afe kweli, wenzake wangemtangulia.

"Basi uurande ule ubao wa kuchapia picha, mume wangu arudi jukwaani."

"Mama, picha ina muhuri wa mkaguzi wa serikali. Nikiuranda, nimemwita mkaguzi mwongo. Unanitakia pingu?"

Katika ukumbi wa michezo, mkuu wake aliwapokea kwa heshima. Watazamaji, alisema, wamekwisha kulia, na haifai kuwaliza bure. Nafasi ya shujaa amepewa mwanafunzi wa Tatsunojo, pamoja na jina lake la jukwaani.

"Laiti ungefika jana asubuhi."

"Jana asubuhi nilikuwa njiani."

"Ndiyo hivyo. Marehemu hawana haraka."

Tatsunojo akakaa nyumbani. Majirani walimwamkia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha vichwa, kama mbele ya kaburi. Oriku alimwekea wali asubuhi na jioni. Naye, kama ilivyo ada ya wafu, ambao hushiba kwa mvuke, alingoja mvuke uishe ndipo ale. Wakati mwingine alisema wali umepoa.

Mwaka ulipotimia, Jinbei akaja na mchoraji, na vitumbua vya maharage matamu. Alitaka kutoa picha ya kumbukumbu.

"Ile ya kwanza watu wameilalamikia," alisema. "Pua haikufanana."

Oriku akamtazama mumewe. Tatsunojo akaweka bakuli chini, akasogea dirishani, akaugeuza uso kidogo kuelekea mwangani.

"Hivi?"

"Hapo hapo, marehemu," mchoraji akasema, akichovya brashi. "Usipumue kidogo."