Sentensi ya Nne

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, laptopu ya ofisi ya utawala ilizimika kwa mara ya sita tangu Jumatatu. Skrini iligeuka buluu, kikatokea kile kikatuni cha uso ulionuna, na maneno ya kuomba radhi kwamba kompyuta imepata tatizo na itajiwasha yenyewe. Chini yake asilimia zikaanza kuhesabu taratibu. Mama Mihuri, katibu wa kiwanda cha maboksi, aliondoa mikono kwenye vitufe akangoja.

Asilimia zilipofika ishirini, marehemu aliingia. Alikuwa amevaa ovaroli yake, mkono wa kulia wa ovaroli ukiwa mtupu, akaketi katikati ya benchi la wageni. Mashine ya kukata maboksi ilimuua wiki iliyopita, wakamzika Jumamosi, na Mama Mihuri mwenyewe alikwenda mazikoni. Getini mlinzi alimwandikisha kwenye daftari la wageni kama mtu mwingine yeyote, na penye sababu ya kuja marehemu aliandika kwa mkono wa kushoto: ripoti.

"Bado, dada?" aliuliza.

"Bado, kaka. Mashine inanisumbua."

Mfagizi alimwomba ainue miguu apitishe dekio, naye akainua. Asilimia zilipofika mia, laptopu ikawaka, marehemu akanyanyuka akaenda zake.

Ripoti yenyewe haikuwa ngumu. Pale kiwandani ripoti ya ajali haikuandikwa upya hata siku moja. Mama Mihuri alifungua ya mwisho, akabadilisha jina, tarehe na kiungo kilichoumia, basi. Alikwishafanya hivyo kwa ajali za vidole viwili na kiganja kimoja, na kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kahawa. Safari hii penye kiungo palitakiwa pasomeke kifo. Ijumaa mkaguzi wa usalama angekuja kuichukua. Kama ingesema mashine ya kukata ina kasoro, angeifunga siku hiyo hiyo. Kama ingesema uzembe, mashine ingeendelea kukata, na tangu Jumatatu aliyesimama mbele ya kisu chake alikuwa mdogo wake Mama Mihuri, wa tumbo moja, ambaye ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwombea kazi kwa meneja.

Fundi wa kompyuta alifika saa tano, mkoba begani na miwani puani.

"Ina muda gani hii, mama?"

"Miezi mitano. Bado ina nailoni kwenye kifuniko, unaona."

Fundi alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mtoto mchanga mwenye kikohozi cha kizee. Alifungua mgongo wa laptopu, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Alichomoa kipande cha kumbukumbu, akakisugua kwa kifutio cha shule, akakirudisha. Akapima diski, akasafisha virusi, akabadilisha chaja. Kila kitu kilikuwa kizima. Halafu akauliza swali ambalo mafundi huuliza mwisho ilhali wangepaswa kuanza nalo.

"Inazima ukifanya nini hasa?"

Mama Mihuri akamwonyesha. Sentensi ya kwanza ilipita, ya pili na ya tatu pia. Ya nne ilikuwa hii: Mfanyakazi aliteleza kwa uzembe wake mwenyewe. Alipoweka nukta, buluu.

Marehemu aliingia, akaketi. Fundi alimpa pole ya msiba wake, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Uliteleza, bwana?"

"Sikuteleza. Kinga ya kisu iliondolewa kwa sababu ilikuwa inachelewesha maboksi. Iko stoo, nyuma ya mlango."

Fundi alikuwa mtu wa kujaribu kitu kimoja kimoja. Laptopu ilipowaka, aliandika maneno ya marehemu mahali pa sentensi ya nne, akaweka nukta. Haikuzima. Akarudisha ile ya zamani, ikazima. Alirudia mara tatu, marehemu akiingia na kutoka mpaka mfagizi akamlalamikia kuhusu nyayo. Mwishoni fundi alijaza fomu yake ya kazi. Penye hitilafu aliandika: sentensi ya nne. Penye matengenezo: imebadilishwa.

Mama Mihuri aliichapa ripoti, akaishika kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaipeleka kwa meneja.

Meneja aliisoma amesimama. "Hii imetoka wapi?"

"Ndiyo pekee ambayo kompyuta inaikubali, bosi."

"Na huyo marehemu bado anakuja? Mwambie alishafutwa kwenye orodha ya wafanyakazi." Akaiweka karatasi mezani. "Mama Mihuri, tusizungushane. Mashine ikifungwa, watu wake wanarudi nyumbani, tunaanza na aliyeingia juzi. Nani aliingia juzi?"

Mama Mihuri akaichukua karatasi mezani.

"Kuna ile kompyuta ya zamani stoo. Tumia hiyo."

Ilikuwa nyuma ya mlango, imeegemezwa kwenye chuma chenye umbo la upinde kilichopakwa rangi ya njano. Mama Mihuri alikijua kile chuma. Ilibidi akisogeze ili aipate kompyuta, akakisogeza, kisha akakirudisha palepale kisije kikamwangukia mtu. Kompyuta ya zamani ilinguruma, ikapokea sentensi zote bila kusitasita, ya nne ikiwemo. Mama Mihuri aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto, lakini vidole havikukosea hata herufi moja. Akagonga muhuri.

Ijumaa mkaguzi alikunywa chai, akasifu uchapaji, akaondoka bila kushuka kwenye ukumbi wa mashine.

Mchana huo Mama Mihuri alifungua laptopu aandike barua ya likizo. Kabla hajagusa kitufe, skrini ikawa buluu. Marehemu akaingia, akaketi mahali pake.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, kaka."

"Inasema mimi mzembe?"

"Inasema hivyo. Nisamehe."

Marehemu hakukasirika. Wote wawili walisikiliza kisu kikipanda na kushuka kule chini, kwa mwendo ule ule.

"Na pale kwangu yuko nani sasa?"

"Mdogo wangu."

Asilimia zilifika mia, laptopu ikawaka. Marehemu hakunyanyuka. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akapangusa kwa kiganja cha kushoto nafasi ya mtu mmoja iliyobaki kando yake.

"Kaa katikati, kaka," Mama Mihuri alimwomba. "Kaa kama siku zote."

Marehemu alimtazama kwa huruma, akabaki pale pale pembeni.